Giaboksi imekufa, au ni klachi? Jibu kwa mwenye Hilux wa Newala

"Shikamoo fundi. Nina Toyota Hilux ya mwaka 1996, injini 3L ya dizeli, gia za mkono, foo wili. Nabebea korosho kutoka vijiji vya bondeni kuja Newala mjini. Msimu huu nikiwa na gunia 15 za kilo 80, nikifika kwenye kupanda injini inanguruma lakini gari haipandi, na inatoka harufu kama kitu kinaungua. Halafu asubuhi gia namba moja na rivasi zinagoma kuingia, rivasi inakoroma mpaka watu wanageuka. Fundi mmoja kaniambia giaboksi imekufa, nitafute nyingine ya mtumba. Mwingine kasema ni klachi pleti tu, anayo iliyotumika, ataniwekea leo leo bila kugusa vingine. Jirani yeye anasema nimwagie soda kwenye klachi nimalizie msimu. Nimsikilize nani? Na je, naweza kwenda nayo hivi hivi mpaka korosho ziishe?"

Marahaba, mdogo wangu. Washauri watatu, msimu haujaisha, na kila mmoja anataka ufanye jambo lake. Nianze na lile la gharama kubwa: katika maelezo yako sijaona dalili ya giaboksi kufa. Giaboksi mbovu huvuma kwenye gia fulani, au gia huchomoka yenyewe ukiachia mafuta, au kuna gia isiyopatikana hata injini ikiwa imezimwa. Hilo la mwisho unaweza kulipima mwenyewe kesho asubuhi kabla ya kuwasha. Kanyaga klachi, pitisha gia zote mpaka rivasi. Zikiingia laini, yule fundi wa kwanza abaki na giaboksi yake ya mtumba.

Fundi wa pili amekaribia, ila ameishia njiani. Ulichoniandikia ni magonjwa mawili, na tabia zake zinapingana. Kwenye kupanda klachi yako haishiki. Asubuhi haiachii. Kwa lugha ya gereji yote mawili yanaitwa klachi mbovu, na hapo ndipo watu wanapomwaga pesa. Pleti iliyokwisha inaeleza lile la kwanza vizuri. La pili mara nyingi linatoka kwingine, na ukibadili pleti peke yake unaweza kuondoka gereji gari inavuta, lakini rivasi inakoroma vilevile.

Tuangalie kilichomo humo ndani. Flaiwili, gurudumu zito la chuma, imefungwa nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, na inazunguka muda wote injini ikiwaka. Presha pleti imefungwa kwenye flaiwili kwa bolti, inazunguka nayo. Katikati yao imo klachi pleti, sahani nyembamba yenye laini, yaani utando wa kusuguana na kushika, pande zote mbili, na kitovu chake kina meno yanayovaa kwenye shafti ya mbele ya giaboksi. Usipokanyaga pedeli, springi ya dayaframu iliyomo kwenye presha pleti inaibana ile sahani kwenye flaiwili na nguvu ya injini inapita kwenda kwenye tairi. Ukikanyaga, masta silinda iliyo karibu na pedeli inasukuma mafuta kwenda kwenye silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi. Hiyo inasukuma uma, uma unasukuma beringi ya klachi, beringi inabonyeza vidole vya springi, sahani inaachiwa. Bana kitambaa kikavu kati ya viganja vyako mtu akivute: hakitoki kirahisi. Kipake mafuta, au legeza viganja, kinaponyoka. Klachi yako mlimani inafanya hivyo hivyo.

Laini huliwa kidogo kila unapoondoka gari, na hilo halina mjadala, ndiyo kazi yake. Imeshikwa na ribiti. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka kutoka uso wa laini hadi kichwa cha ribiti pabaki walau milimita 0.3. Ikiisha hiyo, chuma cha ribiti kinaanza kuchora flaiwili, na sasa badala ya kununua kitu kimoja unanunua viwili. Muda ambao laini inadumu unamtegemea dereva na mzigo kuliko kitu kingine. Zipo klachi zinazopita kilomita 100,000 bila lawama, na zipo zinazokufa ndani ya msimu mmoja wa korosho.

Kabla hujamruhusu mtu yeyote kufungua bolti, pima. Tafuta barabara tambarare isiyo na watu, gari tupu. Ingiza gia namba nne ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, kisha kandamiza mafuta mpaka chini ghafla. Klachi nzima, injini itapanda taratibu pamoja na mwendo. Klachi iliyokwisha, mlio wa injini utaruka juu peke yake huku gari ikibaki nyuma. Kama gari lako halina mshale wa mizunguko ya injini usijali, sikio linatosha. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosa: kama injini haipandi mlio, inazubaa tu na gari inazubaa nayo, basi klachi haina kosa. Tafuta filta ya dizeli iliyoziba, au filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara zetu. Dizeli ya zamani ikikosa pumzi inadanganya watu sana.

Sasa lile la asubuhi. Washa injini, kanyaga klachi mara moja mpaka chini, hesabu polepole mpaka tano, ndipo uingize rivasi. Magari mengi ya zamani rivasi haina sinkronaiza, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia zinapoingia, kwa hiyo ukiharakisha italia hata klachi ikiwa nzima. Ikilia baada ya kusubiri, shafti ya giaboksi bado inazungushwa, maana yake klachi haiachii sawasawa. Hapo pampu pedeli haraka mara tatu nne, kisha ujaribu tena. Ikiingia baada ya kupampu, ugonjwa uko kwenye mafuta ya klachi: kuna hewa ndani, au mpira wa masta silinda au wa silinda ndogo umechoka. Kwa maelezo yako, dau langu liko hapo.

Fungua boneti utazame kikopo kidogo cha mafuta ya klachi. Kimepungua? Mafuta ni meusi kama chai ya rangi iliyokolea? Halafu ingia chini, utafute ile silinda ndogo ubavuni mwa giaboksi, ufunue kile kimpira cha vumbi kwa kidole. Ndani yake panatakiwa pawe pakavu. Kukitiririka mafuta, umempata mchawi wa rivasi bila kushusha giaboksi. Panda pia ndani ya kabini, upapase kwa mkono pale fimbo ya pedeli inapoingia kwenye masta silinda. Pakiwa na unyevu wa kuteleza, hiyo nayo inavuja. Mafuta yake ni ya breki, DOT 3, na yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Huku kwetu unyevu hatuna haja ya kuutafuta, na anayeshinda Mtwara au Mikindani anaongezewa na chumvi ya bahari. Maji yakikaa humo silinda inashika kutu, kutu inakwangua mpira. Ripea kiti ya mipira ni kitu kidogo cha bei. Lakini ukutani mwa silinda ukiona vishimo vya kutu, nunua silinda nzima, maana mpira mpya juu ya kutu hautadumu. Na usimruhusu mtu aongeze humo oili ya injini au haidroliki kwa sababu "yote ni mafuta". Mipira itavimba, na utaoza mfumo mzima.

Wenye magari madogo yanayotumia kebo ya klachi wao watazame kebo kwanza. Pedeli ya kebo isipokuwa na uchezi kabisa juu, beringi inakaa ikibonyeza vidole muda wote na klachi inateleza ingawa laini bado ipo. Kukaza au kulegeza nati moja kumewahi kuokoa klachi nyingi zilizokuwa zimekwisha kuhukumiwa.

Sikiliza na kelele. Kelele inayoanza unapokanyaga klachi ni ya beringi ya klachi. Kelele iliyopo gari ikiwa nyutro, ikapotea unapokanyaga, ni ya beringi ya mbele ya giaboksi, na hapo fundi wa kwanza atakuwa na la kusema kidogo.

Tuseme umepima na kweli inateleza. Giaboksi lazima ishuke, na kwenye Hilux ya foo wili hiyo ni kazi ya kweli: propela mbili zinatoka, giaboksi inashuka pamoja na ile ya gia ndogo, inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma, ni chuma kizito. Gharama yako kubwa iko kwenye kushusha na kupandisha. Ndiyo maana siafiki pleti peke yake "bila kugusa vingine". Badili kwa pamoja klachi pleti, presha pleti, beringi ya klachi, na kile kiberingi kidogo cha mwisho wa krenki ambacho shafti ya giaboksi inakaa. Beringi ikikuangusha baada ya miezi mitatu, utalipa kushusha giaboksi upya kwa ajili ya kitu kinachoenea kiganjani.

Pleti iliyotumika, siishauri. Umri wake huujui, dereva wake humjui, na kama imewahi kuungua laini huwa ngumu, inang'aa, haishiki tena hata ikiwa nene. Kubandika laini mpya kwa ribiti kwenye pleti ya zamani ni kazi inayofanyika, na kwa lori kubwa lenye pleti nene nimeona ikidumu. Kwa pikapu naiweka ya mwisho: springi za kitovu zinabaki zile zile zilizolegea, na sahani ikiwa imepinda inabaki imepinda. Kama mfuko hauruhusu seti mpya kwa sasa, ni afadhali ubebe mizigo midogo wiki kadhaa ukikusanya, kuliko kulipa ufundi mara mbili.

Spea ukizikosa Newala, Masasi na Mtwara mjini yapo maduka, na wengi huagiza Kariakoo zikaja kwa basi. Kabla hujatuma pesa, pima kipenyo cha pleti yako ya zamani, hesabu meno ya kitovu, na utume namba ya chasisi. Hilux za miaka inayokaribiana zinatofautiana klachi, na muuzaji aliye Dar es Salaam hawezi kuiona gari yako. Aisin na Exedy ni majina yanayotengeneza klachi za Toyota, ila boksi lenye jina halitoshi, maana maboksi yanaigwa. Ukipokea, ivalishe pleti kwenye shafti ya giaboksi kwa mkono: iteleze mbele na nyuma bila kukwama na bila kucheza kama kofia kubwa.

Giaboksi ikishuka, nenda ukasimame pale mwenyewe. Hutaki kumfundisha fundi kazi, unataka kuona. Tazama kwanza ndani ya kengele ya giaboksi, lile ganda la mbele linalofunika klachi. Vumbi jeusi kavu ni kawaida. Ukikuta mafuta, nusa. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi na nyepesi, hiyo imetoka kwenye sili ya nyuma ya krenki. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti, hiyo ni sili ya mbele ya giaboksi. Iliyovuja ibadilishwe siku hiyo hiyo, la sivyo pleti mpya italowa kama ya zamani. Pleti iliyolowa kuiosha kwa petroli hakusaidii, mafuta yamekwisha kunywewa na laini. Kwa hiyo soda ya jirani unaelewa sasa nafasi yake: inanata dakika chache, kisha inaacha sukari kwenye flaiwili na kutu kwenye springi. Kunywa.

Halafu tazama uso wa flaiwili. Madoa ya bluu na vinyufa vyembamba kama nywele ni alama za moto. Michoro midogo na madoa hutoka kwa kukerezwa, na mafundi wa kerezo Masasi na Mtwara wanaiweza. Mwambie aondoe kidogo kadiri inavyowezekana na uso uwe sawa pande zote. Nyufa za kina hazikerezwi, flaiwili hiyo itafutiwe nyingine, kwa kuwa inazunguka karibu na miguu yako. Kabla ya kukereza, kagua meno ya pembeni yanayoshikwa na stata.

Vumbi la klachi lisipulizwe kwa kompresa. Laini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na hata zisizo na asbesto hazifai kwa mapafu. Kitambaa chenye maji kinatosha. Jambo jingine la usalama, na hapa nitakuwa mkali: asiingie mtu chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, wala kwa mawe. Mchanga wetu unazama. Ubao mpana chini, stendi za chuma juu yake, tairi zimewekewa vizuizi, terminali hasi ya betri imetolewa.

Wakati wa kufunga kuna makosa mawili ya kuangalia. Pleti ina upande. Ikigeuzwa, springi za kitovu zinagusa bolti za flaiwili na klachi haitaachia hata siku moja. La pili, giaboksi isiachwe ining'inie kwenye pleti wakati bolti zinatafutwa. Uzito ule unakunja sahani mpya kabla haijafanya kazi. Ishikwe na jeki au watu mpaka ifike mwisho yenyewe, na pleti iwe imewekwa katikati sawasawa kwa kutumia shafti ya zamani au kigongo kilichokerezwa kwa kipimo. Ikigoma kuingia, jibu ni kuitoa na kupanga upya. Kuivuta kwa bolti kunapasua kengele. Meno ya shafti yapakwe grisi kidogo sana, ya kupaka na kufuta. Na mradi mko chini, mafuta ya giaboksi yakaguliwe au yabadilishwe.

Ukitoka gereji, kilomita 500 za kwanza usibebe mzigo mzito. Laini mpya inahitaji kukaa kwenye uso wa flaiwili, na anayeipeleka moja kwa moja kwenye kupanda na gunia 15 anaiunguza ikiwa mpya.

Na hizo gunia 15 tuzizungumze. Ni kilo 1,200. Pikapu hii ni ya takriban tani moja, na kama yako ni kabini mbili, ni pungufu ya hapo. Ongeza tingo wawili juu ya mzigo. Halafu unasimama katikati ya kupanda, labda kuna ng'ombe au bodaboda mbele, na unaishikilia gari kwa kubalansi klachi badala ya breki. Sekunde 30 za kubalansi na mzigo ule zinaila laini kuliko siku nzima ya barabara ya lami. Tumia hendibreki. Na hiyo foo wili uliyonayo itumie: kwenye barabara ya udongo au mchanga, ukitaka kuondoka na mzigo kwenye kupanda, simama, funga habu za mbele kama zako ni za mkono, ingiza L4, yaani foo wili ya gia ndogo, ondoka. Gari itapanda polepole bila kuunguza kitu. Nashangaa ni wangapi wanayo na hawaigusi kwa kuogopa kuiharibu.

Swali lako la mwisho: uende nayo hivi hivi mpaka msimu uishe? Kama inateleza kwenye gia namba nne na tano tu, na gari tupu linakwenda vizuri, unaweza kuiendesha taratibu bila mzigo kuipeleka kwenye matengenezo, hata Masasi. Kubeba korosho nayo, hapana. Kila inapoteleza inapika flaiwili na kulegeza springi, na kinachoanza kama seti ya klachi kinaishia kwenye flaiwili pia. Zaidi ya pesa, fikiria kushuka. Kwenye mteremko wa kutoka uwanda wa juu wa Makonde ukiwa na mzigo, unaitegemea injini ikusaidie kushikilia gari. Klachi iliyokwisha inakunyima msaada huo, mzigo wote unabaki kwenye breki, na breki zikichemka hakuna pa kukimbilia.

Kuna hali ambazo hata kuiendesha taratibu usijaribu, mwite fundi aje ilipo gari: pedeli imeshuka chini haipandi, moshi unatoka chini ya kabini, kuna mlio wa chuma kugonga chuma ukikanyaga klachi, au inateleza hata kwenye gia namba mbili ikiwa tupu. Ikibidi kuvutwa, weka nyutro giaboksi na ile ya gia ndogo pia, utumie chuma cha kuvutia na siyo kamba kama kuna mteremko njiani. Na injini iwe inawaka muda wote unapovutwa, kwa sababu pampu ya vakyumu inayosaidia breki zako inazungushwa nayo; ukiizima, ukikanyaga breki mara mbili tatu utakuta pedeli imekuwa ngumu kama jiwe, na wewe uko nyuma ya gari la mwenzio.